Alama za Mipaka Katika Maandishi: Hotuba kwa Wahitimu na Wanafunzi



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu, na Ndugu Katibu amenionya nisizidi nusu saa kwa sababu wali umeshaiva. Kwa hiyo sitaeleza kazi yote. Nitachukua jambo moja dogo ambalo mimi hulifanya karibu kila siku, nalo ni kumwamuru kompyuta akate kipande cha maandishi kilichomo kati ya alama mbili. Mtaona kwamba jambo hili, dogo kama lilivyo, linagusa fedha ya pamba na majina ya baba zetu.

Naanza na ninyi vijana. Hakuna mtu aliyefanya mtihani wa kidato cha nne asiyeikumbuka namba yake. Inaanza na herufi S, zinafuata tarakimu nne za kituo, kisha mkwaju, kisha tarakimu nne za mtahiniwa, kisha mkwaju mwingine na mwaka. Jicho lako likiiona linaigawa mara moja: hii ni shule, huyu ni mtu, huu ni mwaka. Kilichokusaidia ni ile mikwaju miwili. Yenyewe haina habari yoyote ndani yake, ila inasema habari moja imekwisha na nyingine inaanza. Vitambulisho vya Taifa navyo viko hivyo hivyo. Namba ile ina tarakimu ishirini zilizogawanywa kwa vistari katika mafungu manne, na fungu la kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Alama za namna hiyo ndizo nitakazoziita leo alama za mipaka.

Wazee wenzangu watakumbuka kwamba si lazima maandishi yawe na mipaka ya kuonekana. Zamani kompyuta zilisoma kadi zilizotobolewa matundu, kila kadi ikiwa na safu 80, na jina lilipewa safu zake, tuseme kuanzia ya kwanza hadi ya ishirini. Jina likizidi, mkia ulibaki nje. Huko ni kukata kwa kuhesabu. Nchi yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, kisha mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini, kwa hiyo wengi wa rika letu tulimaliza shule bila kuiona hata moja. Silalamiki. Nasema tu kwamba vijana hawa wameanza na simu ya mkononi mambo tuliyoyaanza tukiwa na mvi.

Baada ya kadi kukawa na desturi ya kukata kwa alama, na lugha zikatungwa hasa kwa kazi hiyo. Mwaka 1977, katika maabara za Bell kule Marekani, watu watatu, Aho, Weinberger na Kernighan, walitunga lugha wakaiita AWK kwa herufi za mwanzo za majina yao. AWK husoma faili mstari kwa mstari na kuukata kila mstari vipande kwa alama utakayoitaja. Mwaka 1987 Larry Wall akatoa Perl, na mwaka 1991 Guido van Rossum, Mholanzi, akatoa Python. Hizi huitwa lugha za skripti. Unaandika mistari michache, unaiendesha papo hapo, unaona matokeo. Mwenye Python hahitaji mashine kubwa. Kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi inatosha kabisa.

Sasa tutazame kazi yenyewe. Hapa ubaoni nimeandika ujumbe wa simu, nimeutunga mwenyewe, unaofanana na zile anazopata mkulima wakati wa msimu wa pamba:

Umepokea Tsh 920,000 kwa kilo 800 za pamba. Kumb [PB-0417]. Ahsante.

Tunataka namba ya kumbukumbu peke yake, ile iliyomo ndani ya mabano ya mraba. Kwa Python ni mistari mitatu:

a = ujumbe.find("[")
b = ujumbe.find("]", a + 1)
namba = ujumbe[a + 1 : b]

Mstari wa kwanza unasema: tafuta bano la kufungua, uniambie liko nafasi ya ngapi. Wa pili: kuanzia hapo kwenda mbele, tafuta bano la kufunga. Wa tatu: nipe vyote vilivyo katikati, mabano yenyewe uyaache. Jibu ni PB-0417. Tazameni kwamba mstari wa pili haukuanza kutafuta tangu mwanzo wa ujumbe, bali baada ya bano la kufungua. Ukiacha hilo, siku ujumbe utakapokuja na bano la kufunga lililopotea mahali pa mbele, utapata upuuzi.

Hapa pana shimo ambalo nimeona watu wenye shahada wakilitumbukia. Je, bano likikosekana? Amri ile ya kutafuta, isipoona kitu, haipigi kelele. Inajibu kimya kimya: kasoro moja. Na Python inapoambiwa ikate mpaka nafasi ya kasoro moja, inaelewa kwamba umesema "mpaka kabla ya herufi ya mwisho". Basi mtu akisahau kuandika bano la kufunga, namba ya kumbukumbu inakuwa "PB-0417. Ahsante" bila nukta. Yakikosekana mabano yote mawili, namba ya kumbukumbu inakuwa ujumbe mzima pungufu ya herufi moja. Programu inaendelea na safari kama kwamba hakuna lililotokea, na takataka hiyo inaingia kwenye daftari. Ndiyo maana mimi hupenda amri ya index mahali pa find. Kazi ni ile ile, lakini index isipoona kitu husimamisha programu na kusema. Karani anayekuja kukuambia "karatasi hii haina sahihi" anakufaa kuliko anayeijaza mwenyewe.

Ipo njia ya pili, ya kutumia ruwaza. Badala ya kusema tafuta hapa kisha pale, unachora umbo la kitu unachokitaka na kompyuta akatafute kinachofanana nalo. Hesabu yake iliwekwa na Stephen Kleene katika miaka ya 1950, na mwaka 1968 Ken Thompson akachapisha namna ya kuitumia kutafutia maandishi. Katika ruwaza, nukta ni herufi yoyote na nyota ni kurudia mara nyingi uwezavyo. Mtu akiandika

\[(.*)\]

amesema: bano la kufungua, kisha chochote, kisha bano la kufunga. Inapendeza. Lakini mpe mstari huu:

Kata [Nkololo] wilaya [Bariadi]

Mtategemea akupe Nkololo. Atakupa "Nkololo] wilaya [Bariadi". Nyota ni mlafi. Inameza mpaka mwisho wa mstari, kisha inarudi nyuma pole pole hadi ikutane na bano la kufunga la kwanza kwa kurudi, yaani la mwisho kwa kwenda. Kama mchungaji uliyemwambia aishie penye lango, naye akapita malango yote ya kijiji mpaka akalifikia la mwisho. Dawa ni kuweka alama ya kuuliza nyuma ya nyota, ndipo inatosheka mapema. Dawa ninayoipenda zaidi ni kutosema "chochote" kabisa, bali kusema "chochote kisichokuwa bano la kufunga":

\[([^\]]*)\]

Inatisha kuitazama, najua. Isomeni kwa utulivu. Imesema tu kwamba kilichomo ndani ya uzio hakiwezi kuwa uzio.

Isipokuwa pale kinapoweza! Nyumbani kwetu, boma la minyaa lina lango lake, na ndani ya boma kuna zizi la ndama nalo lina lango lake. Mtu anayetoka zizini hajatoka bomani. Maandishi nayo hufanya hivyo. Andika [Itilima [Lagangabilili]] na ruwaza yangu nzuri inachanganyikiwa, kwa sababu bano la kufunga la kwanza ni la zizi, si la boma. Hapo acheni ruwaza, shikeni kuhesabu. Kila ukikutana na bano la kufungua ongeza moja, kila ukikutana na la kufunga punguza moja, hesabu ikifika sifuri umetoka nje. Kidato cha kwanza anaweza. Ruwaza ya kawaida haiwezi hata uirefushe namna gani, maana haina mahali pa kuweka hesabu isiyo na kikomo.

Nimetumia mfano wa boma kwa kuwa ni rahisi, lakini mfano unaonifurahisha zaidi ni ngitili. Vijana wa mjini huenda hawaijui. Ni sehemu ya malisho inayofungwa mvua zikianza, mifugo isiingie, hadi kiangazi kikali ndipo ifunguliwe. Ilikuwa imefifia, na tangu mwaka 1986 mpango wa HASHI, wakati Bariadi ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, ulisaidia kuifufua. Mkoa wetu wa Simiyu ulikuja baadaye, mwaka 2012. Sasa, ngitili nyingi hazina ua wowote. Mpaka wake ni kichuguu kile, mti ule, na korongo lile. Mgeni akipita haoni kitu. Kichuguu hicho ni mpaka kwa sababu wenyeji wamekubaliana, na umbali wa hatua mia kipo kingine kinachofanana nacho kabisa ambacho si mpaka wa chochote. Alama katika maandishi ziko hivyo hivyo. Mkato haukuzaliwa ukiwa mpaka.

Tazameni ule mkato uliomo katika 920,000. Orodha nyingi za kompyuta hutenganisha safu kwa mkato: jina, mkato, kijiji, mkato, fedha. Sasa karani akiandika fedha kama tulivyofundishwa shuleni, kwa mkato kila baada ya tarakimu tatu, kisha programu ikakata mstari penye kila mkato, mkulima wa shilingi laki tisa na ishirini elfu anabaki na shilingi 920. Zile sifuri tatu zinasukumwa safu inayofuata, na huko pengine palikuwa pa namba ya simu. Kwa ajili hiyo iko kanuni: fungu lenye mkato ndani yake lizungushiwe alama za mtajo, "920,000", na msomaji wa faili aambiwe kwamba mkato uliomo ndani ya mtajo si mpaka. Python ina kifaa cha kusoma faili za namna hiyo, kimeshatengenezwa, kinaitwa csv. Kitumieni. Sioni sababu ya kijana kukata kwa mkono kitu kilichokwisha kufanyiwa kazi na wengine.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nimefika penye sababu hasa iliyonifanya nichague mazungumzo haya.

Msimu mmoja wa pamba niliitwa na chama cha msingi cha ushirika, sitakitaja. Orodha ya malipo ilikuwa imepita katika programu iliyoandikwa na kampuni moja, nayo sitaitaja. Orodha ilikuwa safi, fedha ni sahihi, vijiji ni sahihi. Lakini baadhi ya wanachama, wasiokuwa na undugu wowote, walikuwa na jina moja la ukoo, nalo ni Ng. Malipo yao yalikuwa yamerudi, kwa kuwa jina lile halikulingana na jina lililosajiliwa kwenye laini ya simu. Mama mmoja alikuwa amekaa kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi. Mtoto wake alitakiwa bweni siku ya Jumatatu na godoro halijanunuliwa. Hakuuliza juu ya kompyuta. Aliuliza ni nani aliyelifupisha jina la mkwewe.

Aliyelifupisha ni ruwaza. Mwandishi wa programu alikuwa amesema jina ni herufi kuanzia A hadi Z, zikirudiwa. Kwa John na Maria inatosha. Kwa Ng'wandu, kompyuta akaanza na N, akaenda g, akakutana na ritifaa. Ritifaa si A wala Z, basi akahesabu kwamba jina limekwisha. Kwa mgeni huyo kialama kile kilikuwa kichuguu cha mpakani. Kwetu sisi ritifaa haitenganishi chochote. Ni sehemu ya sauti. Ondoa ritifaa katika ng'ombe na humpati ng'ombe.

Marekebisho yake hayakuzidi mstari mmoja. Mstari wa orodha ulikuwa wa namna hii:

Jina: Ng'wandu; Kata: Ng'hoboko; Kilo: 800

Badala ya kuuliza jina limeundwa kwa herufi gani, nikauliza mpaka wake ni upi. Mpaka ni nukta na mkato. Kwa hiyo: baada ya "Jina: ", chukua chochote kisichokuwa nukta na mkato.

Jina: ([^;]+)

Likapita Ng'wandu, na kata ya Ng'hoboko ya kule Meatu ikapita kwa njia hiyo hiyo. Ng'wigwa ya Maswa ingepita pia. Lingepita hata jina la Mwarabu au la Mfaransa, maana programu haikuwa tena hakimu wa majina ya watu. Malipo yalitumwa upya.

Tatizo hilo lina ndugu zake. Katika lugha nyingi za skripti, ritifaa yenyewe hutumika kufungua na kufunga maandishi. Ukiandika 'Ng'wandu', kompyuta anaona maandishi Ng, yamefungwa, kisha kelele asizozielewa. Programu ya AWK inayoandikwa kwenye mstari wa amri aghalabu hufungwa kwa ritifaa mbili, na ukiweka ng' katikati unaikata programu yako mwenyewe tumboni. Katika Python fungeni kwa mtajo wa pande mbili, "Ng'wandu", na mambo yametulia. Na mnapopeleka jina katika hifadhidata, msilibandike ndani ya amri kwa gundi. Lipelekeni pembeni kama thamani, hifadhidata itajua ni jina. Waayalandi wanaoitwa O'Brien wamesumbuka na jambo hilo miaka mingi, kwa hiyo tusidhani tumeonewa peke yetu. Tofauti ni kwamba O'Brien ni baadhi ya watu huko kwao, na Ng' hapa Usukumani iko kila kijiji.

Tena ritifaa si moja. Iko iliyonyooka, iliyopo kwenye mashine za taipu tangu zamani. Iko iliyopinda, ambayo kompyuta huiweka yenyewe unapoandika barua. Iko inayopinda upande usiofaa, na wengine katika simu hutumia kialama kilicholala. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni herufi tofauti kabisa, hata ukitafuta Ng'wandu kwa ritifaa moja hutampata aliyeandikwa kwa nyingine, na utaapa kwamba hayumo. Kabla ya kukata chochote, zigeuzeni zote ziwe moja.

Lipo na lile la tafsiri. Msukuma anasema Ng'wanza, ramani inasema Mwanza. Mtu yule yule ni Ng'wandu kwenye cheti cha ubatizo na Mwandu kwenye cheti cha shule. Hapo hakuna ruwaza itakayosaidia. Kuna watu wanaoandika programu za kubadilisha Ng'wa zote kuwa Mwa "ili orodha ilingane". Mimi sikubaliani nao. Orodha inalingana, ndiyo, lakini mwenye jina hakuulizwa.

Nimalizie na kazi, kwa kuwa sikuja mikono mitupu. Daftari la wahitimu wa shule hii lilichapwa kwa taipu, kisha likaingizwa kwenye kompyuta kwa nyakati tofauti na watu tofauti. Nimelitazama jana. Wengine walitenganisha safu kwa mkato, wengine kwa mkwaju, mmoja alitumia nyota. Miaka ya kumaliza imo ndani ya mabano, na mengine hayakufungwa. Zipo ritifaa za aina tatu. Mkuu wa Shule amekubali kwamba wanafunzi wa kidato cha tatu wanaosoma somo la kompyuta walishughulikie daftari hilo muhula ujao, na nitakuja Jumamosi mbili kukaa nao.

Nimewaandikia masharti. Programu ikikosa mpaka isimame na itaje namba ya mstari, isikisie. Sifuri za mwanzo katika namba za mitihani zibaki, maana 0012 ikigeuzwa hesabu inakuwa 12 na mtu anapotea. Faili la asili lisiguswe, mfanyie kazi nakala. Na pale mtakapokuta mtu ni Ng'wandu ukurasa mmoja na Mwandu ukurasa mwingine, andikeni yote mawili pembeni na mumpe Ndugu Katibu. Yeye ana namba za simu za wahitimu, atapiga aulize. Waliokwisha kututoka, tutawauliza watoto wao.